Kwa nini sauti huachana na midomo katika video za harusi

KIAPO cha ndoa hakirudiwi kwa ajili ya kamera. Kwa hiyo mafundi wa video wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, wana kila sababu ya kuhofia midomo ya bwana harusi inapotangulia sauti yake.

Mara nyingi chanzo ni simu. Televisheni nchini hutumia picha 25 kwa sekunde. Simu hulenga 30, lakini huzipunguza mwanga ukififia. Programu ya kuhariri ikidhani idadi haibadiliki, sauti huanza sawa, kisha huachana na picha kidogo kidogo. Kuisogeza sauti mwanzoni ni kupoteza muda.

Faili la simu ligeuzwe kwanza kuwa la picha 25 zisizobadilika, sauti ikiwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ndipo ukataji uanze. Faili la awali lisifutwe hadi maharusi waridhike.