RABA YA KANVASI AU RABA YA NGOZI? Viatu vya Mtoto na Majira ya Mwaka

Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Ruiru. Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa lishe. Leo nakuomba uchukue kiatu alichovaa mtoto wako jana, utie mkono ndani mpaka kwenye vidole. Je, ni kikavu?

Usicheke, mama. Swali hilo ndilo mazungumzo yetu yote ya leo.

Msimu mmoja wa mvua aliletwa kliniki mvulana wa gredi ya 3. Mama yake alikuwa amekasirika kidogo. Alisema mtoto amekuwa mvivu, kila asubuhi analia hataki kwenda shule. Nilipomvua kiatu, harufu ilijaa chumbani na mtoto akainamisha kichwa kwa aibu. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa na kupasuka. Kidole cha mwisho kilikuwa na usaha, na mguu ulikuwa umevimba na una joto. Mtoto yule hakuwa mvivu. Alikuwa anaumia.

Mama huyo alikuwa amejinyima ili amnunulie mwanawe raba nyeusi "za ngozi" zitakazodumu. Kumbe zilikuwa ngozi bandia, yaani kitambaa kilichofunikwa kwa plastiki. Kila jioni alizianika kando ya jiko. Nje zilikauka, lakini ndani zilibaki na maji. Si kwamba hakumpenda mwanawe. Hakuna aliyewahi kumweleza. Ndiyo maana leo tunaelezana.

KWA NINI KIATU KIBICHI NI HATARI?

Mguu wa mtoto hutoa jasho, hasa anapokimbia. Jasho hilo likikosa njia ya kutoka, ngozi hulainika na kupasuka. Fangasi hupenda mahali penye joto, giza na unyevu, na ndani ya kiatu kibichi hupata vyote vitatu. Mtoto hujikuna, kidonda hufunguka, bakteria huingia, na mguu huvimba. Jambo lililoanza kama mwasho mdogo linaweza kumkosesha shule wiki nzima.

KANVASI NA NGOZI ZINATOFAUTIANA VIPI?

Kanvasi ni kitambaa kigumu cha pamba. Kina matundu madogo sana kati ya nyuzi, kwa hiyo hewa huingia na jasho hutoka. Unaweza kuifua raba ya kanvasi kwa sabuni ya kipande, na siku ya jua kali hukauka upesi. Ubaya wake ni huu: pale hewa inapopita, maji nayo hupita. Mtoto akikanyaga dimbwi mara moja, soksi imelowa.

Ngozi halisi ya mnyama nayo hupumua, lakini polepole. Ukiipaka rangi ya viatu mara kwa mara, ile nta huzuia manyunyu na tope. Ubaya wake ni kwamba ikishalowa kabisa huchukua siku mbili au zaidi kukauka.

Ngozi bandia haipumui. Huzuia maji ya nje, lakini jasho la ndani nalo halitoki. Mtoto huvaa kiatu kizuri machoni, na mguu unachemka ndani.

TUFUATE MAJIRA YETU

Hapa Ruiru na Thika tuna majira tunayoyajua. Tuyapitie pamoja.

Januari na Februari. Ni jua na vumbi. Huu ni wakati wa raba ya kanvasi. Mguu unapata hewa, na mwishoni mwa wiki unaifua. Lakini angalia soli na matundu. Wakati wa kiangazi vumbi huwa na funza. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Alitoka Amerika, akafika Angola mwaka 1872 kwa meli, na ndani ya miongo michache alikuwa amesambaa hadi kwetu. Funza jike hupenya ngozi ya mguu, hasa kando ya kucha na kisigino. Raba iliyotoboka kidole gumba humfungulia mlango. Mtoto akiingiwa na funza, usimchokoe kwa pini inayopita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Pini hiyo inaweza kubeba pepopunda, homa ya ini na hata virusi vya UKIMWI. Mlete kliniki.

Machi hadi Mei. Ni mvua ya masika. Wengi tunakumbuka mwaka 2024, mafuriko yalipofanya ufunguzi wa muhula wa pili uahirishwe kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 13 Mei. Wakati huu kanvasi ipumzike nyumbani. Mtoto avae ngozi halisi iliyopakwa rangi vizuri. Kama njia yenu ni ya udongo mweusi unaonata, bora zaidi avae gambuti hadi shuleni, abebe viatu vyake vikavu kwenye mkoba, kisha abadilishe akifika. Asishinde na gambuti siku nzima, kwa sababu nazo hazipumui.

Juni hadi Agosti. Ni baridi na mawingu. Hapa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mama yeyote wa Ruiru anaijua asubuhi ya Julai. Wengi hudhani kwa kuwa mvua imepungua kanvasi inafaa. Hasha! Hakuna jua la kuikausha. Raba iliyofuliwa Jumamosi inaweza kuwa bado mbichi Jumatatu asubuhi. Endelea na ngozi pamoja na soksi nzito za pamba au sufu. Mama wengi huniuliza kama miguu yenye baridi huleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, si viatu. Lakini mtoto mdogo anahitaji joto, na akipumua haraka haraka au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, mkimbize hospitali mara moja.

Septemba. Vumbi hurudi. Kanvasi irudi pia.

Oktoba hadi Desemba. Ni mvua ya vuli. Ngozi tena, na gambuti zitolewe chini ya kitanda.

NA KAMA UWEZO NI WA JOZI MOJA TU?

Najua wako wanaosema, "Sista, wewe unasema jozi mbili, na mimi natafuta pesa za unga." Nimekusikia. Kama ni jozi moja tu, chagua kiatu cha ngozi halisi, kilichofunika mguu wote, chenye nafasi ya kidole. Kisha tumia pesa kidogo iliyobaki kununua soksi za pamba, angalau jozi tatu. Soksi huokoa miguu mingi. Avae jozi moja, ya pili awe nayo kwenye mkoba kwa ajili ya mvua, ya tatu iwe kambani. Zungumza pia na mwalimu. Mwalimu mwenye huruma atamruhusu mtoto avae patipati darasani huku viatu vikikauka.

NAMNA YA KUKAUSHA

1. Toa kamba, fungua ulimi wa kiatu, toa soli ya ndani.
2. Pangusa tope kwa kitambaa chenye maji kidogo.
3. Jaza magazeti ya zamani ndani. Baada ya saa moja au mbili yatoe yakiwa yamelowa, weka mengine makavu.
4. Laza kiatu ubavu mahali penye upepo. Kanvasi ianikwe juani. Ngozi ikae kivulini.
5. Usiweke kiatu kando ya jiko. Moto hukausha mafuta ya ngozi, nayo hupasuka. Gundi huyeyuka na soli huachia. Tena jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua watu usingizini.

UKIENDA SOKONI

Mitumba mizuri ipo, na viatu vipya vipo. Kaunti yetu ya Kiambu ina kiwanda cha Bata kule Limuru, ambacho kimewavisha wanafunzi wa Kenya kwa miongo mingi. Lakini popote unaponunua, fanya haya:

Nenda jioni, mguu ukiwa umetanuka. Kama mtoto hayupo, asimame juu ya karatasi nyumbani, uchore mguu wake, ukate, ubebe karatasi hiyo. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Usinunue kiatu kikubwa mno ili "akue nacho". Kisigino kitapanda na kushuka na kumchubua.

Kunja kiatu. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati. Bonyeza soli. Ruiru inajengwa kila kona, na misumari imetapakaa njiani. Soli nyembamba haizuii msumari. Mtoto akichomwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha mlete kliniki tuangalie kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Kutambua ngozi halisi, tazama pale ilipokatwa kwa ndani. Ngozi halisi ina nyuzi nyuzi kama kitambaa cha manyoya. Ngozi bandia ina tabaka la plastiki lililobandikwa juu ya kitambaa. Kama ni mtumba, tia mkono ndani utafute alama ya mguu wa mwenyewe wa kwanza. Ikiwa shimo la kisigino limezama upande mmoja, kiache. Ukinunua, pangusa ndani kwa maji ya sabuni na ukikaushe vizuri kabla mtoto hajavaa.

MLETE MTOTO KLINIKI UKIONA

Mpasuko kati ya vidole usiopona, usaha au harufu mbaya, mguu uliovimba na wenye joto, mtokí wa paja uliovimba, homa, au mtoto anayechechemea. Fangasi ina dawa ya kupaka. Itumie kwa siku zote ulizoambiwa, hata kama ngozi inaonekana imepona, la sivyo itarudi. Usimpake krimu za kung'arisha ngozi wala dawa ya jirani. Baadhi zina steroidi, na hizo huifanya fangasi ijifiche huku ikienea.

Yule mvulana alipona. Siku aliyorudi kuangaliwa alivua viatu mwenyewe kabla sijamwambia, akanyoosha vidole nivione. Mama yake alitoa gazeti kwenye mkoba akanionyesha. "Sasa linasomwa na viatu," akasema. Tukacheka wote watatu.

Basi kumbuka: vumbi na jua, kanvasi. Mvua na baridi, ngozi. Na kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, tia mkono ndani ya kiatu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Njia ya watoto wetu kwenda shule ina nini: tope, vumbi au misumari?
2. Nyumbani kwako viatu hukaushwa wapi?
3. Ni lini mara ya mwisho ulipotazama kati ya vidole vya mtoto wako?