Sanamu za Askari Zimebeba Ahadi, Lakini Majina Yako Wapi?



Juzi nilikuwa kwenye tuktuk na mwanangu wa miaka tisa. Tulikwama kwenye msongamano wa Jomo Kenyatta Avenue hapa Mombasa, mbele ya zile sanamu za askari. Mimi nimepita hapo tangu utotoni, hata sizioni tena. Yeye alizitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Baba, hawa ni kina nani?" Nikamjibu ni askari wa zamani waliopigana vita vya Wazungu. Akaniambia, "Nimeuliza wanaitwa nani."

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mungu amrehemu, ambaye sote tulimwita Mzee Bama. Alikuwa akikaa barazani baada ya sala ya alasiri, kofia yake ya kiua kichwani na bakora mapajani. Alipigana Burma katika vita vikuu vya pili. Nambari yake ya jeshi aliisoma kwa moyo, kama mtu anavyotaja nasaba yake. Medali zake alizihifadhi kwenye mkebe wa biskuti. Sisi watoto tulimcheka, tukamwigiza anavyopiga saluti. Alipofariki miaka ya 1990, nyumba ilisafishwa na mkebe ukatupwa uani. Medali moja tuliifunga shingoni mwa mbuzi. Nyingine sijui zilikwenda wapi. Nakumbuka sauti yake akiitaja ile nambari, lakini nambari yenyewe siikumbuki. Kwa hivyo nikiwalaumu wengine katika makala haya, naomba ijulikane nimeanza na nafsi yangu.

Ahadi iliyoandikwa

Sanamu zile ziliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1920, pamoja na wenzake wa Nairobi na Dar es Salaam. Zote ni kazi ya fundi mmoja wa Kiingereza, James Alexander Stevenson. Ni ukumbusho wa Waafrika na Waarabu waliotumikia upande wa Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja wapiganaji, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho yanatoa ahadi: anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Sasa zunguka ukumbusho wote utafute jina hata moja. Hulipati. Waliahidiwa kukumbukwa kwa majina, na majina hayakuandikwa. Swali la mwanangu lilikuwa hilo hilo.

Vita vilivyofika mlangoni kwetu

Watu wengi hudhani vita vile vilikuwa vya Ulaya. Kwetu Pwani vilifika mlangoni. Wajerumani walikuwa Tanganyika na Waingereza walikuwa huku, na mpaka ulipita Vanga na Taveta. Mwaka 1914 Wajerumani walisonga kutoka kusini wakielekea Mombasa, wakazuiliwa Gazi. Waliowazuia walikuwa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, pamoja na kikosi cha Waarabu kilichoundwa hapa Mombasa na ofisa Muingereza aitwaye Arthur Wavell. Wavell aliuawa Mwele, Kwale, Januari 1916, yeye na baadhi ya watu wake. Jina lake utalikuta kwenye vitabu vya historia. Je, hao waliokufa naye unaweza kumtaja mmoja?

Novemba 1914 jeshi kubwa kutoka India lilipitia Mombasa kwenda kuteka Tanga, likashindwa vibaya na Wajerumani waliokuwa wachache kuliko wao. Baada ya hapo vita viliingia bara. Reli ilijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta kwa ajili ya vita hivyo, na makaburi ya wanajeshi yapo Voi, Maktau na Taveta mpaka leo. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Katika vita hivyo hakukuwa na barabara wala malori ya kutosha, na farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Kila risasi na kila gunia la unga lilibebwa na mpagazi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na wazee wetu wakakitamka Kariakoo. Ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Kariokor ya Nairobi. Leo tunanunua viazi na viatu Kariakoo bila kujua kwamba jina hilo ni la watu waliobeba mizigo mpaka wakafa.

Wengi wao hawakwenda kwa hiari. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria ya kuruhusu wanaume kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa kuliko yote. Huku Pwani ndugu zetu Wagiriama walikuwa wameshaonja. Walipokataa kutoa vijana wao, Mekatilili wa Menza akiwa mmoja wa waliowahimiza wasikubali, walipigwa vita mwaka 1914 na Kaya Fungo ikalipuliwa. Waliposhindwa wakatozwa faini na kutakiwa kutoa vijana wa kazi.

Wapagazi hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara, malaria, baridi ya mapafu na chakula kibovu. Unga uliopikwa nusu, kwa mtu aliyezoea chakula kingine, ulikuwa sumu. Hesabu ya serikali ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanasema ukweli unakaribia 100,000 kwa upande wa Waingereza peke yake.

Baada ya vita askari wa Kizungu walipewa mashamba kwenye nyanda za juu chini ya mpango wa mwaka 1919. Mwafrika akapewa kipande cha kuvaa shingoni. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambao jamaa zao hawakutafutwa ipasavyo, ilibaki mikononi mwa serikali. Dini yetu inatufundisha kutomcheleweshea kibarua haki yake. Hawa haki yao imechelewa miaka mia na zaidi.

Waliopotelea baharini

Vita vikuu vya pili viliwapeleka vijana wetu mbali zaidi. KAR walipigana na Waitaliano Ethiopia na Somalia mwaka 1940 na 1941, wakaenda Madagaska 1942, kisha Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, matope magotini na malaria mwilini, mpaka ikavuka mto Chindwin. Huko ndiko alikokuwa Mzee Bama.

Yeye alikuwa akisema neno ambalo sikulielewa utotoni: "Sisi tulifika. Kuna waliotoka Kilindini wasifike." Nilidhani ni maneno ya uzee. Baadaye nilikuja kusoma habari za meli ya Khedive Ismail.

Meli hiyo ilitoka bandari yetu mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa na watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na walikuwemo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa makombora mawili. Meli ilizama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa. Wengi wa askari wetu walikuwa sehemu za chini za meli, hawakupata hata nafasi ya kufika juu.

Sisi watu wa bahari tunajua msiba wa maiti isiyopatikana. Mama hukaa miaka akisikiliza mlango. Wangapi miongoni mwa waliopita geti la Kilindini siku ile walikuwa na mama wa namna hiyo, Pwani au bara, Uganda au Tanganyika? Na ni wangapi kati yetu, tunaovuka feri ya Likoni kila siku na kuitazama bandari ile ile, tuliowahi kusikia habari hii?

"Walimpigania mkoloni"

Najua kuna msomaji atakayesema: hao walimpigania mkoloni, ya nini kuwaenzi? Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Askari hao hao wa KAR ndio waliotumwa kuwapiga Wagiriama, na baadaye kupambana na Mau Mau.

Lakini kumkumbuka mtu si kuisifu vita yake. Mpagazi aliyekamatwa shambani akafungwa kamba hakuwa na ugomvi na Mjerumani. Yeye mwenyewe ni mtu aliyedhulumiwa, na kumsahau ni kuiongezea dhuluma ile miguu. Kijana aliyekwenda Burma kwa sababu ya mshahara alikuwa anatafuta riziki, na hata mshahara huo ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wengi waliorudi walikuwa wameshaona Mzungu akiogopa, akikimbia na akifa kama mtu mwingine yeyote. Hawakuweza tena kuinama kama zamani.

Hata wenyewe waliowapeleka wamekiri kosa. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu suala hili. Ilisema watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sababu iliyotajwa ni ubaguzi wa enzi ile. Mzungu alipata kaburi na jina. Mwafrika aliachwa ardhi immeze. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Radhi tumeisikia. Lakini tume hiyo haiwezi kujua kwamba fulani bin fulani wa Rabai, wa Vanga au wa Takaungu aliondoka mwaka 1917 asirudi. Hilo linajulikana, kama bado linajulikana, na bibi fulani aliyelala chumba cha uani. Akiondoka yeye, limeondoka.

Na wa leo je?

Jambo hili si la kale tu. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wako Somalia. Wengine hawakurudi kutoka El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow, Januari 2017. Kila tarehe 14 Oktoba wanajeshi wa KDF huadhimisha siku yao na kuwakumbuka wenzao waliokufa. Sherehe ikimalizika, mjane anarudi nyumbani, na aliyerudi bila mguu anarudi kwenye foleni ya hospitali.

Najua pia kwamba wako watu Pwani, hasa Lamu, wenye machungu yao na vyombo vya usalama. Madai yao ni ya haki kusikilizwa, na makala haya hayawaambii wanyamaze. Mjane wa askari na mama anayemtafuta mwanawe wote wanadai kitu kimoja: jina la mtu wao litajwe, na mtu awajibike.

Tufanye nini basi?

Kwanza, uliza. Ijumaa hii ukimtembelea nyanya au babu, muulize ni nani katika ukoo aliyekwenda Kariakoo au KAR. Andika jina kamili, la baba yake, kijiji, na hadithi yenyewe. Mrekodi kwa simu kama ataridhia.

Pili, tafuta. Tume niliyoitaja ina tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta jina bila malipo, na wengi waliokufa katika vita vya pili wamo. Ukiwa na nambari ya jeshi au cheti cha kuachishwa, usikitupe. Karatasi hiyo moja inaweza kufungua mlango.

Tatu, waombee. Tunapowasomea hitma wazee wetu tuwataje na hawa, hata wale ambao hatujui kaburi lao liko bara au baharini. Na wasio Waislamu wana njia zao za kuwaombea wafu wao. Viongozi wa kaunti nao wakitaka kufanya jambo, waweke ubao wenye majina kando ya zile sanamu, majina yatakayokusanywa na wananchi wenyewe, uongezwe kila mwaka.

Mimi nimeanza. Nimekwenda kwa mtoto wa Mzee Bama, sasa naye ni mzee, tukakaa tukaandika jina la baba yake na tulichokikumbuka. Nambari ya jeshi hakuna anayeijua. Mwanangu alikuwa kando na daftari lake la shule, akanakili jina lile kwa herufi kubwa. Tulipopita tena Jomo Kenyatta Avenue, hakuniuliza kitu. Aliinua kidole akaielekeza sanamu moja na kulitaja.

Wabillahi tawfiq.