Steroidi Katika Upasuaji wa Gego la Mwisho: Dozi ya Hospitali Si Dawa ya Kujinunulia Dukani

Wananchi wengi wamelizoea neno steroidi kupitia matangazo ya Serikali yanayopiga marufuku vipodozi vyenye viambata sumu. Si ajabu, basi, mgonjwa wa Handeni au Korogwe akiingiwa na hofu anapoelezwa kuwa atapewa steroidi kabla ya kufanyiwa upasuaji wa gego la mwisho. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini dozi moja inayotolewa na daktari wa kinywa na meno ni jambo tofauti na krimu inayopakwa kila siku kwa miezi.

Magego ya mwisho, ambayo baadhi huyaita meno ya hekima, kwa kawaida huota kati ya umri wa miaka 17 na 25. Yakikosa nafasi hulala au kukwama ndani ya taya, na daktari hulazimika kupasua fizi, kuondoa sehemu ya mfupa na pengine kulikata jino vipande. Mwili hulijibu jeraha hilo kwa uvimbe, ambao hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Taya hukaza, na kufungua kinywa ili kula huwa kazi. Kwa anayekata mkonge Korogwe au anayelima mahindi Handeni, siku hizo ni riziki iliyopotea.

Hapo ndipo steroidi husaidia. Mwili wenyewe hutengeneza homoni ya kotisoli katika tezi zilizo juu ya figo, na deksamethasoni huiga kazi yake ikiwa na nguvu zaidi, kwa kuzuia kemikali zinazoleta uvimbe. Ni dawa ileile iliyopata umaarufu duniani mwaka 2020, ilipothibitika kupunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Katika upasuaji wa gego, madaktari wengi hutumia miligramu 4 hadi 8, mara nyingi kwa dozi moja ya kidonge au sindano, kabla ya upasuaji au mara baada yake. Tafiti zimeonesha kuwa uvimbe na kukaza kwa taya hupungua. Nafuu ya maumivu ni ndogo zaidi, hivyo mgonjwa bado huhitaji dawa ya kutuliza maumivu. Isitoshe, steroidi haiui vijidudu.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloleta madhara pale mwenye jino bovu anapojinunulia vidonge hivyo bila cheti cha daktari. Uvimbe hupungua, mgonjwa huamini amepona, kumbe usaha unaendelea kusambaa huku kinga ya mwili ikiwa imedhoofishwa. Matumizi ya muda mrefu hupandisha shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na huzifanya tezi za mwili zilegee katika kutengeneza kotisoli. Ndiyo maana aliyeitumia kwa wiki kadhaa hapaswi kuiacha ghafla.

Hata dozi moja ina masharti. Mgonjwa wa kisukari anapaswa kumweleza daktari mapema, kwa kuwa sukari inaweza kupanda kwa siku moja au mbili. Vivyo hivyo kwa mwenye vidonda vya tumbo, hasa kama atapewa pia diklofenaki au ibuprofeni, mwenye kifua kikuu, mjamzito na anayetumia dawa nyingine yoyote. Kuficha taarifa hizi kwa kuogopa kuahirishiwa upasuaji ni hatari kubwa kuliko kuahirishiwa kwenyewe.

Uvimbe wa siku ya tatu, kwa hiyo, usimtishe mgonjwa aliyekwisha kurejea kijijini. Lakini ukizidi kukua baada ya siku hiyo, au ukiambatana na homa, usaha, shida ya kumeza au ya kupumua, arudi hospitalini siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Akishindwa kumeza mate au kupumua vizuri, asisubiri hata kupambazuke.