Wakarbi wa Assam na Mashamba Yao ya Milimani

Katika jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India, iko wilaya iitwayo Karbi Anglong, yaani milima ya Wakarbi. Zamani Waingereza waliwaita watu hao Mikir, na jina hilo ndilo lililochapwa juu ya kitabu cha Edward Stack mwaka 1908. Wao wenyewe hujiita Karbi, na tangu mwaka 1976 wilaya yao nayo hutajwa hivyo.

Koo zao kubwa ni tano: Terang, Teron, Inghi, Ingti na Timung. Mtoto hufuata ukoo wa baba, wala haijuzu mtu kuoa katika ukoo wake.

Kilimo chao cha asili kinafahamika kwa mkulima ye yote aliyewahi kufyeka msitu. Miti hukatwa wakati wa ukavu, ikachomwa, na mvua zinapoanza mpunga hupandwa katika majivu, pamoja na mahindi, ufuta, pamba na tangawizi. Baada ya miaka michache konde huachwa lipumzike, na msitu urudipo hurudisha rutuba. Wako wanaokiita kilimo cha uvivu. Hao hawajapata kupanda mtelemko wa Assam na jembe begani! Shida yake ni nyingine: watu wameongezeka, ardhi haipumziki muda wa kutosha, na mvua huchukua udongo. Kwa hiyo wengi sasa hulima mpunga mabondeni kwa plau, na wengine wamepanda mipira.

Lakini konde halikuwa chakula tu. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao, Jirsong, chini ya kiongozi aitwaye klengsarpo, wakalima mashamba ya wenzao kwa zamu, na humo wakafundishwa ngoma na adabu. Mpira ni mti wa miaka mingi, tena ni wa mwenyewe, hauitishi zamu. Shule nazo zimewachukua vijana, na chama kimefifia.

Hasara yake huonekana katika Chomangkan, matanga makubwa ya Wakarbi, ambayo gharama yake huwafanya jamaa wengine wangoje miaka ndipo wayafanye. Mwanamke mjuzi, charhepi, huimba akiisindikiza roho mpaka kijiji cha wazee waliotangulia. Vijana hucheza usiku, wakichukua Jambili Athon, mti uliochongwa ndege juu ya matawi yake. Ngoma hizo ndizo zilizofundishwa na Jirsong.