Mashine imekwisha usoma muswada, mheshimiwa je?

XINTANG, Guangzhou - Mji huu ulioko mashariki mwa Guangzhou, katika wilaya ya Zengcheng, unajulikana kwa kitu kimoja tu: suruali za jinzi. Ripoti ya shirika la Greenpeace ya mwaka 2010 ilisema Xintang ilikuwa ikitoa zaidi ya suruali milioni 260 kwa mwaka, yaani kiasi cha asilimia 60 ya jinzi zote za China. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala wanaufahamu vizuri. Hufikia Xiaobei au Sanyuanli, katikati ya Guangzhou, kisha huja huku kutafuta bei ya kiwandani.

Zamani biashara ilikwenda kwa kikokotoo: mnunuzi anabonyeza tarakimu zake, mwenye duka anabonyeza zake, hadi mmoja achoke. Siku hizi mtu anasema Kiswahili ndani ya simu, nayo simu inatoa Kichina. Hiyo ni akili bandia, ambayo Tanzania wengi wanaiita akili mnemba na Kenya wanaiita akili unde. Na simu hiyo hiyo, ukiipa muswada wa fedha wenye kurasa zaidi ya mia, itakueleza kodi gani itapanda kabla kontena lako halijatia nanga Mombasa. Ndipo tukajiuliza sisi: ikiwa mashine inasoma muswada, inaandika muswada na inajibu barua za wapiga kura, mbunge tuliyempigia kura anabaki na kazi gani?

Nairobi ilianza kutujibu Juni 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na kodi ya mkate, ushuru wa mafuta ya kupikia na tozo ya mazingira kwa bidhaa nyingi za nyumbani. Ulichapishwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Vijana waliozoea programu za kompyuta wakaupakia katika mashine ya ChatGPT na kutengeneza chombo kilichoitwa Finance Bill GPT. Unauliza, "kodi hii itanigusa vipi mimi mwenye duka?" nacho kinajibu kwa lugha nyepesi. Wengine wakatafsiri vifungu kwa lugha za makabila na kuvisambaza kwa video fupi.

Asiyewahi kushika muswada wa marekebisho pengine hataona ukubwa wa jambo hili. Muswada wa aina hiyo hausemi "mkate utatozwa kodi". Unasema kifungu fulani cha sheria fulani kifutwe neno hili, kiingizwe lile. Bila kuifungua sheria yenyewe kando, huambulii kitu. Kazi hiyo ya kulinganisha vitabu viwili ndiyo iliyokuwa ikimfanya mbunge na makarani wake wawe watu wa kuheshimiwa. Raia alikuwa hana budi kungoja aambiwe. Mwaka 2024 hakungoja. Wabunge walipigiwa simu na kutumiwa ujumbe kwa maelfu na watu waliokuwa wakitaja vifungu kwa namba zake, na kusema kweli baadhi ya waheshimiwa walionekana kuvisikia vifungu hivyo kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, tarehe 25 Juni Bunge la Taifa liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia bungeni, sehemu ya jengo ikachomwa, na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Hadi tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Hatuwezi kusema kwamba mashine ndiyo iliyouangusha muswada ule. Waliouangusha ni watu, na wengine walilipa kwa roho zao. Mashine iliwanyang'anya wabunge jambo moja tu: kisingizio kwamba mwananchi haelewi.

Na mwenye kontena asisahau yaliyofuata. Tarehe 11 Desemba 2024 Rais alitia saini sheria nyingine ya kodi, ambayo pamoja na mengine ilipandisha tozo ya reli kwa bidhaa zinazoingia nchini kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 2. Safari hii hapakuwa na moto bungeni. Chombo cha kusoma kilikuwepo bado, walioshughulika kukiuliza ndio waliopungua.

Upande wa kuandika, mambo yamekwenda mbele zaidi. Huko Porto Alegre, Brazil, mwaka 2023 diwani Ramiro Rosário aliiagiza ChatGPT imwandikie muswada kuhusu mita za maji zinazoibwa. Baraza likaupitisha kwa kauli moja, na baadaye ndipo akawaambia wenzake nani aliyeuandika! Rais wa baraza alikasirika kwanza, kisha akakubali kwamba huenda ndiyo mwelekeo wa dunia. Kwetu sisi hilo si la kutisha sana. Wabunge wengi duniani hawajawahi kuandika miswada yao wenyewe. Huandikiwa na wanasheria wa serikali, na pengine na makampuni yenye maslahi.

La kutisha ni wingi. Septemba 2015 seneta Roberto Calderoli wa Italia aliwasilisha mapendekezo ya marekebisho yapatayo milioni 82 dhidi ya muswada mmoja wa katiba, yote yakitoka katika programu ya kompyuta. Rais wa Seneti aliyatupilia mbali kwa mamilioni. Mwaka 2017 tume ya mawasiliano ya Marekani ilikusanya maoni ya umma zaidi ya milioni 22 kuhusu sheria za intaneti. Uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta karibu milioni 18 ni ya bandia, na milioni 7.7 kati yake yalitoka kwa mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye miaka 19. Yote hayo yalifanyika kabla ya mashine za leo, ambazo zinaweza kuandika barua milioni moja zisizofanana hata mbili.

Hapa Kenya inahusika kuliko wengi. Katiba yake ya 2010, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023, na moja ya sababu ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikataa maoni ya watu. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo. Ilisema hakuna sharti la wazi la kutoa sababu kwa kila oni. Kwa karatasi na karani mmoja, mtu angeweza kuuelewa msimamo huo: nani atajibu maelfu ya barua? Lakini mashine inaweza leo kuzipanga barua hizo kwa hoja, kuonyesha ngapi zilipinga tozo fulani na kwa sababu zipi, na kuweka mkabala jibu la kamati. Kamati ikinyamaza baada ya hapo, imeamua kunyamaza, haikuzidiwa na kazi. Tungependa kuona bunge moja tu la Afrika Mashariki likijaribu hivyo, na orodha hiyo ikachapishwa kabla ya kura na si baada yake.

Wenyeji wetu Wachina wameshika njia nyingine. Februari 2025 wilaya ya Futian, katika jiji jirani la Shenzhen, ilitangaza "wafanyakazi wa kidijitali" 70 wanaotumia DeepSeek kupokea malalamiko ya raia na kuandaa nyaraka. Malalamiko yanafika idara inayohusika upesi, na wala hatulidharau hilo. Wangapi kwetu wamezungushwa kwa faili lililopotea? Lakini Xintang yenyewe inafundisha kitu. Juni 2011 walinzi wa hapa walimsukuma mama mjamzito mchuuzi wa barabarani, mhamiaji kutoka Sichuan, na mji ukawaka kwa ghasia za siku kadhaa. Wajumbe wa mabaraza ya mji na wilaya huchaguliwa na wakazi moja kwa moja, lakini mhamiaji wa kiwandani ameandikishwa kijijini kwao, na kupiga kura hapa humlazimu apate kwanza uthibitisho kutoka huko. Waliotia moto magari walikuwa watu wasio na mjumbe. Mashine ingempokea mama yule malalamiko yake kwa sekunde, isingemwuliza mkuu wa walinzi swali mbele ya watu.

Na mashine ina mwenyewe. Kanuni za China zilizoanza kazi tarehe 15 Agosti 2023 zinataka akili bandia za hapa zifuate maadili ya msingi ya ujamaa, na DeepSeek ukiiuliza habari za Tiananmen ya mwaka 1989 hukwepa. Za Marekani nazo zina wenyewe na sheria zao. Mbunge wa Dodoma au Nairobi atakayefanya mojawapo kuwa mtafiti wake ajue mshahara wa mtafiti huyo unatoka wapi.

Wafrika wa Guangzhou wana kumbukumbu yao ya kazi ya mwakilishi. Aprili 2020, wakati wa Korona, wengi walitolewa katika nyumba na hoteli wakalala nje. Spika wa Baraza la Wawakilishi la Nigeria, Femi Gbajabiamila, alimwita balozi wa China ofisini kwake, akamwonyesha video ya yaliyotokea, kamera zikirekodi. Barua ya malalamiko hata mashine ingeiandika vizuri. Balozi hakuja kwa sababu ya barua, alikuja kwa sababu aliyemwita amechaguliwa na watu.

Tanzania ina bahati ya lugha: Bunge hujadili kwa Kiswahili, taarifa zake rasmi huchapishwa, na marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili lugha ya sheria. Mashine inayojua Kiswahili vizuri ingeweza kumwambia mpiga kura wa Ilala mbunge wake alisema nini kuhusu Kariakoo katika wiki ile ya Juni 2024 maduka yalipofungwa kwa mgomo, au kama hakusema kitu. Lakini nchi hiyo hiyo ilisitisha kurusha Bunge moja kwa moja mwaka 2016, na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa.

Ama mnunuzi wa jinzi aliyeko Xintang, yeye hana hata mbunge wa kumwajibisha. Mtanzania aliyekuwa nje hakupiga kura 2025. Mkenya aliye nje humchagua rais peke yake, na mwaka 2022 vituo vya ng'ambo vilikuwa katika nchi 12, China haikuwamo. Anachoweza ni kuiambia simu imwandikie barua kwa kamati ya fedha, kwa Kiingereza safi, na kuituma usiku huo huo. Itakapofika Nairobi katikati ya maelfu nyingine zilizoandikwa vizuri vile vile, karani atajuaje kwamba hii moja ina kontena nyuma yake?