Kichaa cha Mbwa: Sindano ya Mbwa Ndiyo Kinga ya Mtoto



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu. Dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, awe amelazwa katika zahanati ya kijijini au katika hospitali kubwa ya Ulaya. Hata hivyo, ugonjwa huo huo unazuilika kabisa. Huo ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa ni mmoja wa magonjwa ambayo binadamu huyapata kutoka kwa wanyama. Mengine ni kimeta, homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na kifua kikuu cha ng'ombe. Magonjwa ya namna hii hayawezi kushindwa na mganga wa binadamu peke yake, wala na bwana mifugo peke yake. Tutaona ni kwa nini.

UGONJWA HUU HUAMBUKIZWAJE?

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Kirusi huingia mwilini mnyama huyo anapomng'ata mtu, anapomkwaruza, au anapolamba mahali penye kidonda, mdomoni au machoni. Mbwa ndiye anayeleta karibu vifo vyote, yaani 99 kati ya kila 100. Lakini paka, punda, ng'ombe, mbuzi, fisi na mbweha nao huweza kuugua na kuambukiza.

Kikishaingia, kirusi hakikimbilii kwenye damu. Hufuata mishipa ya fahamu, polepole, hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Mara nyingine huwa chini ya wiki moja, mara nyingine zaidi ya mwaka. Ndiyo maana chanjo inayotolewa mara baada ya kung'atwa huokoa: mwili hupata askari wake kabla adui hajafika ubongoni. Na ndiyo maana kidonda cha usoni au kichwani ni cha hatari zaidi, kwa kuwa njia ni fupi. Watoto ni wafupi, hucheza na mbwa, na mara nyingi hung'atwa sehemu hizo. Kati ya kila watu 10 wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, wapatao 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

DALILI ZAKE

Mbwa mgonjwa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, hung'ata bila kuchokozwa, hutafuna vijiti na mawe, sauti yake hubadilika na udenda humtoka. Lakini jihadharini: wengine hawawi wakali. Hujificha gizani, taya hulegea, miguu hupooza. Mtu humhurumia, akatia mkono mdomoni mwake akidhani amekwamwa na mfupa, na hapo huambukizwa.

Mtu mgonjwa huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na kuwashwa au kufa ganzi pale alipong'atwa, hata kama kidonda kimeshapona. Baadaye huweweseka, hushindwa kumeza, na koo hukakamaa akiona maji au akipulizwa na upepo. Wengine hupooza taratibu. Watu wengi huona hayo wakadhani ni uchawi au mashetani, wakazunguka kwa waganga. Sivyo. Ni kirusi kilichofika ubongoni.

VIFO AMBAVYO HAVIKUHESABIWA

Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia. Wengi hufia nyumbani, na vifo vyao haviandikwi popote.

Tanzania ni mfano mzuri wa jambo hili. Kati ya mwaka 1990 na 1996, vifo vilivyoripotiwa rasmi vilikuwa kama 11 tu kwa mwaka. Watafiti walipohesabu watu walioumwa na mbwa wenye dalili za kichaa, na kukadiria wangapi kati yao hawakupata chanjo, walifikia hesabu ya vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Makadirio hayo yalitolewa mwaka 2002. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Ugonjwa unaoonekana kuua watu 11 haupati fedha. Unaoua 1,500 hauwezi kufumbiwa macho. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wataalamu wa magonjwa haya ni kuhesabu: kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza nani aling'atwa, mbwa alitoka wapi, alikwenda wapi, akang'ata nani mwingine.

MFANO WA PEMBA

Katika miaka ya 2010, Shirika la Afya Duniani lilisimamia miradi ya kupambana na kichaa cha mbwa katika nchi tatu: Tanzania, Afrika Kusini na Ufilipino. Fedha zilitoka kwa mfuko wa Bill na Melinda Gates wa Marekani. Kwa upande wa Tanzania, kisiwa cha Pemba kilikuwa mojawapo ya sehemu za mradi.

Pemba mbwa walichanjwa kisiwa kizima, mwaka hadi mwaka. Kazi ilivyozidi kuboreshwa, mbwa wagonjwa walipungua, watu walioumwa walipungua, na vifo navyo vikapungua. Kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha kisiwani.

Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa cha mbwa kikarudi. Wataalamu walichukua vipande vya ubongo wa mbwa waliokufa na kusoma chembe za urithi za virusi, kama vile mtu anavyofuatilia ukoo kwa kuuliza baba na babu. Waligundua kwamba virusi hivyo havikuwa vya ule ukoo wa zamani uliobaki umejificha. Viliingia kutoka nje ya kisiwa, mara mbili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mbwa wa kisiwa kizima wakachanjwa tena, na Oktoba 2018 ugonjwa ukakomeshwa kwa mara ya pili.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, kichaa cha mbwa kinaweza kumalizwa hapa hapa kwetu. La pili, sindano ya mwaka jana haimlindi mtoto wa mwaka huu. Mbwa huzaa, mbwa hufa, mbwa huhama na wenyewe. Kila mwaka kundi huwa jipya.

KWA NINI TUSIWAUE TU?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Mbwa wakiuawa ovyo, nafasi yao hujazwa upesi na watoto wa mbwa na mbwa wageni ambao hawana chanjo. Wenye mbwa nao huwaficha au kuwahamishia kijiji kingine, na ugonjwa hutembea nao. Zaidi ya hayo, mbwa aliyechanjwa ni kama ukuta: akiuawa, ukuta umebomolewa.

Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, mbwa mgonjwa hukosa wa kumwambukiza na mnyororo hukatika. Wengi huuliza pia kuhusu wanyama wa porini. Utafiti uliofanyika katika eneo la Serengeti ulionyesha kwamba ni mbwa wa majumbani wanaoendeleza ugonjwa huu. Wanyama pori huambukizwa kutoka kwao. Basi tukiwachanja mbwa wetu, tunawalinda pia wanyama wa hifadhi.

KAZI YA WENGI

Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa vibaya na mbwa, dunia imekuwa na chanjo ya ugonjwa huu. Mtoto yule alipona. Kwa nini basi watu bado wanakufa?

Sababu mojawapo ni kwamba kazi iligawanywa vibaya. Wizara ya afya hununua chanjo ya watu, ambayo ni ghali. Chanjo ya mbwa, ambayo ni ya bei ndogo sana ukilinganisha, iko chini ya wizara ya mifugo, ambayo hutazama zaidi ng'ombe kwa sababu ng'ombe ni mali. Mbwa hana mtetezi. Hivyo tunalipa sana hospitalini kwa kile ambacho tungekizuia kwa gharama ndogo kijijini.

Ili kuondoa kasoro hiyo, mashirika ya kimataifa yameamua kushirikiana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani na muungano wa kimataifa wa kupambana na kichaa cha mbwa yalitoa mpango wa pamoja, wenye shabaha kwamba kufikia mwaka 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kichaa kiletwacho na mbwa. Utaratibu huu wa waganga wa watu na wa wanyama kufanya kazi meza moja huitwa Afya Moja.

Si ndoto. Nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati zilianza mpango wa pamoja mwaka 1983, na vifo vikapungua sana. Mwaka 2019 Mexico ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imekomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa.

MTU AKING'ATWA NA MBWA, FANYA HIVI

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Sabuni ya kufulia inafaa. Fanya hivyo hata kama kidonda ni mkwaruzo mdogo. Sabuni huua kirusi.

2. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe wala majani. Usikifunge kidonda kwa kukaza.

3. Mpeleke hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje dalili. Zikitokea, umechelewa. Kama umekwisha kuchelewa siku kadhaa na hakuna dalili, nenda tu. Bado inafaa.

4. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Zamani sindano hizi zilichomwa tumboni, siku nyingi mfululizo, na wengi bado wanaziogopa. Siku hizi huchomwa mkononi, na kwa watoto wadogo pajani, nazo ni chache. Mama mjamzito naye huchomwa bila hofu. Kwa kidonda kibaya, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine inayochomwa kuzunguka kidonda.

5. Toa taarifa kwa bwana mifugo. Kama mbwa anaweza kufungwa kwa usalama, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na kirusi katika mate siku aliyong'ata. Lakini usisubiri siku hizo ndipo uende hospitali.

6. Usichune wala kula mnyama aliyekufa kwa dalili za kichaa.

WAJIBU WA KILA FAMILIA

Wazazi, wafundisheni watoto wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto. Wafundisheni pia waseme mara moja wanapong'atwa. Watoto wengi huficha kwa kuogopa kuchapwa, kwa sababu walikuwa wakimchokoza mbwa wa jirani, na siri hiyo huwaua. Mtoto ajue kwamba akisema hatapigwa.

Kila mwenye mbwa au paka ampeleke kuchanjwa kila mwaka, pamoja na vile vitoto vidogo. Kama bwana mifugo hajafika kijijini kwenu mwaka huu, ulizeni ofisi ya kata, na mkiwa wengi mtasikilizwa zaidi. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi chanjo hutolewa siku hizo. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kufanya kazi moja rahisi: kuhesabu mbwa walio katika kila nyumba, na siku ya chanjo ikifika, kuangalia nani hajaja. Mjane asiye na wa kumshikia mbwa asaidiwe na vijana wa jirani.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa huu, dalili zikishaanza, kinga ndiyo yote tuliyo nayo.