KABLA YA KUNUNUA MESHI, TUPIME KWANZA



Katika mikutano ya tawi letu hapa Kampala swali moja limekuwa likirudi kila mara, hata kabla ya lile la nyongeza ya mshahara. Swali ni hili: je, tukinunua mitambo ya meshi, intaneti ya nyumbani itapona? Wanaouliza ni wenzetu wanaopokea simu za wateja na kuandika hesabu za kampuni wakiwa majumbani mwao. Kazi hiyo ilihamia nyumbani wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, na kwa wengi haikurudi ofisini tena.

Swali hili si la mchezo. Mwajiri mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa mazungumzo bado yanaendelea, amewagawia wafanyakazi wake fomu ya kutia sahihi. Fomu hiyo yasema kwamba kila ambaye laini yake hukatika atauziwa seti ya meshi na kampuni, na bei yake itakatwa katika mshahara kwa miezi sita. Tena yasema kwamba dakika ambazo mfanyakazi hayuko hewani zitahesabiwa kuwa ni utoro. Maana yake ni kwamba mtu aweza kukatwa mara mbili, kwanza kwa ajili ya chombo, pili kwa ajili ya dakika. Na ikiwa chombo chenyewe hakifai kwa nyumba yake, ataendelea kukatika na ataendelea kukatwa.

Kamati ya tawi ilikaa ikaamua kwamba tusikubali wala tusikatae kwa kubahatisha. Tulikubaliana twende katika nyumba za wanachama, tupime, ndipo tuseme. Sisi si mainjinia, na wengi wetu tuliishia darasa la saba. Lakini kazi ya kupima haikuhitaji chuo. Ilihitaji simu ya mkononi, saa, daftari na subira.

MESHI NI KITU GANI

Intaneti ya nyumbani ina safari mbili, na asiyezitenganisha atapoteza fedha zake. Safari ya kwanza ni kutoka kwa kampuni ya mawasiliano mpaka kwenye ruta iliyo nyumbani, ama kwa waya wa faiba, ama kwa hewa kutoka mnara wa simu. Safari ya pili ni kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta au simu yako, nayo ndiyo inayoitwa waifai.

Meshi ni vituo viwili, vitatu au zaidi vya waifai vinavyoshikana kama matundu ya wavu. Kimoja huunganishwa na ruta, vingine huwekwa mbele zaidi ndani ya nyumba, kila kimoja kikipokea mawimbi na kuyapeleka mbele. Ukitembea kutoka sebuleni hadi chumbani, simu yako huhama kutoka kituo hadi kituo bila wewe kubadili jina la mtandao wala neno la siri.

Kwa hiyo meshi hutibu safari ya pili tu. Mfano wake ni mpira wa maji. Kama bomba la uani linatoa maji ya kutosha lakini jikoni hayafiki, mpira utakusaidia. Kama bomba lenyewe linadondosha matone, hata ukinunua mpira mrefu namna gani utapata matone yale yale.

NYUMBA NNE TULIZOPIMA

Nyumba ya kwanza ilikuwa Bweyogerere, ya chini, ya matofali ya kuchoma. Mwanachama wetu ana faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Tuliposimama karibu na ruta tulipata 19. Chumbani anakofanyia kazi tulipata 1. Tukaitazama ruta, tukaikuta chini, nyuma ya televisheni, pembeni mwa kabati la chuma. Tukaitoa, tukaiweka juu ya rafu katika korido, katikati ya nyumba. Chumbani ikapanda ikawa 8. Mama huyo alikuwa tayari ametia sahihi fomu ya makato, na dawa yake ilikuwa msumari na kipande cha ubao.

Nyumba ya pili ilikuwa bondeni, nyuma ya kilima, na mnara wa simu uko upande wa pili wa kilima hicho. Ruta yake hutumia laini ya simu. Karibu na ruta tulipata megabiti 2, na chumbani 2 vile vile. Hapa waifai haina kosa lolote, bali mawimbi ya mnara hayafiki vizuri. Seti ya meshi ingesambaza udhaifu ule ule katika vyumba vyote. Tulipoipeleka ruta dirishani, upande unaoelekea mnara, ilipanda hadi 6. Nyumba ya namna hii huhitaji antena ya nje juu ya paa, kwa maana mabati huzuia sana mawimbi, au huhitaji laini ya kampuni nyingine yenye mnara karibu zaidi.

Nyumba ya tatu ilikuwa chumba kimoja katika mistari ya mizigo ya kupanga. Mwenye nyumba ana laini moja, na wapangaji kumi huchangia. Asubuhi saa 3 tulipata megabiti 15. Usiku saa 3, katika kiti kile kile, hatukupata hata 1. Chumba hakikuongezeka ukubwa usiku. Kilichoongezeka ni watu waliorudi nyumbani na kufungua picha za sinema. Meshi hapa haina kazi. Tena ingeongeza kelele hewani, kwa sababu waifai ya gigahezi 2.4 ina njia tatu tu zisizogongana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na majirani wote wamezijaza.

Nyumba ya nne ilikuwa ya ghorofa, na sakafu ya juu ni zege lenye nondo. Ruta iko chini sebuleni kwa kuwa faiba inaingilia hapo. Karibu na ruta tulipata 28. Juu, mwisho wa korido, tulipata 1, na simu ikakatika mara mbili tukiwa tumesimama pale. Tulisogeza ruta hadi mwisho wa waya wake, haikusaidia. Hii ndiyo nyumba ya meshi: bomba limejaa, njia ya kwenda chumbani ndiyo iliyozibwa.

Nyumba nne zenye lalamiko moja, na meshi inafaa katika moja tu. Lakini fomu ya mwajiri ilikuwa moja kwa wote.

JINSI YA KUPIMA

Ndugu mwanachama, fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, upime kasi kwa simu au kompyuta. Kama una kompyuta yenye tundu la waya, iunganishe kwa waya ili uhakikishe zaidi. Hiyo ndiyo nguvu ya bomba lako.

Pili, nenda chumba chenye matatizo, upime tena saa ile ile. Kama namba mbili zinalingana na zote ni ndogo, tatizo liko nje, kwa kampuni au kwa mnara. Kama ya kwanza ni kubwa na ya pili ni ndogo, tatizo liko ndani.

Tatu, rudia asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu, uandike katika daftari. Kipimo kimoja ni uvumi, vipimo tisa ni ushahidi.

Nne, sogeza ruta. Iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na friji, kioo kikubwa, tangi la maji na chuma. Kama ruta yako ina waifai za aina mbili, jaribu zote. Ile ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Ile ya 2.4 ni ya polepole lakini hupenya zaidi.

Tano, ndipo ufikirie chombo. Na hapa pia meshi si peke yake. Waya wa mtandao wa kawaida hufika mita 100 bila kupoteza nguvu, nao haujali zege wala majirani. Aliye na ruta ya zamani aweza kuiweka mwisho wa waya huo ikawa kituo cha pili, fundi akiipanga isigongane na ile ya kwanza.

Ukiona kweli meshi ndiyo dawa, kumbuka mambo matatu. La kwanza, usikiweke kituo cha pili ndani ya chumba kisichopata mawimbi. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, maana asiyesikia hawezi kupokea ujumbe wala kuupeleka mbele. La pili, vituo vya bei nafuu hupokea na kupeleka kwa redio ile ile, na hivyo kasi hupungua karibu nusu kila unaporuka kutoka kituo hadi kituo. Ukiweza kuviunganisha kwa waya, upungufu huo hauwi. La tatu, kila kituo hutaka umeme wake. Umeme ukikatika, hata ruta ikiwa na betri, kituo cha chumbani kitazimika.

KAZI YETU INAHITAJI KASI GANI

Wako wanaowaambia wafanyakazi kwamba lazima wanunue kifurushi kikubwa. Mazungumzo ya simu kwa njia ya intaneti hutumia takribani kilobiti 100 kwa sekunde, yaani sehemu ya kumi ya megabiti moja. Mkutano wa picha huhitaji megabiti chache tu. Kinachoharibu kazi ya simu ni mawimbi yanayokuja na kwenda, hata pale kasi inapotosha. Megabiti 4 zisizotikisika zina faida kuliko 40 zinazokatika kila dakika.

Na tusisahau kwamba gharama hii tayari ni mzigo. Hapa Uganda ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa mwaka 2021, lakini mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Mfanyakazi anayepokea simu za mwajiri nyumbani hulipa ushuru huo kutoka mfukoni mwake.

NANI ALIPE

Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani, pamoja na Pendekezo namba 184. Mkataba wataka mfanyakazi wa nyumbani atendewe sawa na wenzake wanaolipwa mshahara. Pendekezo lasema wazi kwamba afidiwe gharama zinazotokana na kazi yake, na miongoni mwake limetaja umeme, maji, mawasiliano na matengenezo ya vifaa. Pendekezo halina nguvu ya sheria, lakini ni hoja nzito mezani. Na hapa nyumbani Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka ya makato yanayoruhusiwa katika mshahara.

Kwa msingi huo tawi letu limepeleka madai manne. Moja, fomu za makato zisimamishwe, na waliotia sahihi warudishiwe. Mbili, nyumba ipimwe kabla ya chombo kununuliwa, na mwakilishi wa chama awepo. Tatu, chombo kinachohitajika kwa kazi kinunuliwe na mwajiri, kibaki mali yake, kama vile meza na kiti vya ofisini. Nne, dakika za kukatika ambazo kosa lake ni la mnara, la kampuni ya mawasiliano au la umeme zisiitwe utoro.

Mwajiri amejibu dai la pili tu: amekubali upimaji. Wengine watasema ni jambo dogo. Sisi twaona ni mlango. Daftari likishajaa namba, itakuwa vigumu kwake kudai kwamba mama wa bondeni ni mtoro, hali vipimo tisa vyaonyesha kwamba mnara haumfikii.

Kwa hiyo, ndugu zetu, usitie sahihi kabla ya kupima. Mwenye kuhitaji msaada wa kupima amwone katibu wa tawi siku ya Jumamosi. Na kila aliyekwisha kupima alete daftari lake ofisini, kwa maana daftari la mtu mmoja ni lalamiko, lakini madaftari ya tawi zima ni dai. Umoja ni nguvu.